Majani Yanapopukutika: Kusoma Al-Inkishafi na Shairi la Hopkins tukiwa Birmingham



Makala haya nayaandika kwa amri ya ami yangu. Kila Jumapili baada ya adhuhuri hukutana nyumbani kwake hapa Birmingham watu sita au saba, tukanywa kahawa na kipande cha halua anayoletewa kutoka Maskati, tukasoma mashairi. Siku za joto huku magharibi huingia saa tatu na nusu usiku, basi tuna wasaa. Mwezi wa Disemba huingia kabla ya saa kumi, na mazungumzo hukatika yakiwa bado matamu. Kila mtu hurudi kwake, na Jumapili ya pili hakuna anayekumbuka nani kasema nini. "Yaandike, mwanangu," ami aliniambia. "Mimi sina tena muda wa kuubishania ubeti mmoja mara tatu." Alisema akicheka, lakini wiki ile alikuwa ametoka hospitali, na sote tuliokuwepo tulimfahamu.

Ninayoyaandika ni maelezo ya mashairi mawili yanayozungumzia mauti. Moja ni la Kiingereza, fupi, na limejengwa juu ya majira ya mwaka. La pili ni letu, Al-Inkishafi, ambalo wengi wenu mmelisikia kwa wazee. Nitaeleza kila moja ni la nani na limetungwa lini, kisha nitaeleza namna watu wa baraza letu wanavyoyafahamu, kwani hawafahamu kwa njia moja.

Shairi la mtoto na majani

Oktoba iliyopita mtoto wa dada yangu, ambaye yuko sekondari, alikuja barazani na karatasi ya skuli. Alikuwa ametakiwa aandike maelezo ya shairi linaloitwa "Spring and Fall". Alisema, "Mjomba, mwalimu ametwambia lina maana moja, lakini mimi siioni."

Mtungaji wake ni Gerard Manley Hopkins, Mwingereza aliyezaliwa 1844 na kufariki Dublin 1889 kwa homa ya matumbo. Wakaazi wa Birmingham wana haki ya kumjua, maana mambo mawili makubwa ya maisha yake yalipita hapa. Mwezi wa Oktoba 1866, akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, alikuja Birmingham akapokelewa katika Kanisa Katoliki na John Henry Newman, mwanachuoni mashuhuri wa Kikristo aliyekuwa na makao yake Edgbaston. Mwaka uliofuata akarudi kusomesha katika skuli ya Newman, akakaa mpaka 1868. Kanisa la Oratory lililopo leo katika barabara ya Hagley limejengwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kumkumbuka Newman. Mimi hupita hapo kwa basi nikienda kazini, na kabla ya karatasi ile ya skuli sikupata kujua kuwa mwalimu mmoja wa hapo alikuwa mshairi.

Mwaka huo wa 1868 Hopkins alijiunga na watawa wa Kijesuiti, na kabla ya kuingia akayachoma mashairi yake akiona hayalingani na kazi aliyokusudia. Baada ya miaka kadhaa akarudi kutunga, lakini hakuchapisha kitabu. Rafiki yake Robert Bridges ndiye aliyeyatoa mashairi yake mwaka 1918, karibu miaka 30 baada ya kifo chake.

"Spring and Fall" limetungwa Septemba 1880 na lina mishororo 15. Habari yake ni hii: mtoto wa kike analia kwa kuona majani ya msitu yanapukutika. Mtu mzima anamwambia kuwa moyo ukishazeeka utayaona makubwa kuliko hayo wala hautashtuka. Hata hivyo atazidi kulia, na siku hiyo atajua sababu. Mwisho anamwambia kuwa chemchemi ya huzuni zote ni moja, na kwamba anachokililia hasa ni nafsi yake, kwa kuwa na yeye atapukutika kama majani. Hopkins mwenyewe alimwandikia Bridges kuwa shairi hilo halikutokana na kisa cha kweli. Hapakuwa na mtoto. Mtoto kaumbwa kwa ajili ya shairi.

Jina la shairi lina mafumbo. Neno la mwanzo ni majira ya kuchipua, na pia ni chemchemi. La pili ni majira ya kupukutika, na pia ni kuanguka, na Wakristo wakilisikia hukumbuka kisa cha Adam kutolewa peponi. Mwalimu mstaafu wa kutoka Mombasa, ambaye ndiye mwenye Kiingereza kikubwa katika baraza, alitufafanulia hayo, na hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza pale mtoto alipotaka kulitia shairi katika Kiswahili ili babu yake alifahamu vizuri.

Vuli gani hiyo?

Programu ya kutafsiri katika simu yake ilimpa neno "vuli". Watu wengi hutumia hivyo, hata katika habari za redio. Ami akauliza, "Vuli? Mtoto analia wakati wa vuli kwa sababu gani? Mvua haikunyesha?"

Alikuwa na haki. Kwetu Unguja na Pemba vuli ni mvua fupi za kuanzia Oktoba mpaka Disemba. Joto linarudi, ardhi inalainika, watu wanapanda, na maembe yako njiani. Ukisema vuli, mtu wa pwani anaona kijani. Miezi hiyo hiyo Birmingham miti ya Cannon Hill Park inakuwa ya rangi ya dhahabu, kisha kahawia, kisha hubakia vijiti vitupu mpaka mwezi wa Aprili. Kalenda ni moja, lakini jambo linalotokea huku ni kinyume cha linalotokea kwetu. Ukilitafsiri shairi la Hopkins kwa neno vuli, msomaji wa Makunduchi atamwona mtoto analia penye neema.

Sisi mwaka wetu tumeugawa kwa pepo na mvua, hatukuugawa kwa majani. Kaskazi huvuma baina ya Disemba na Machi, na kwa hiyo majahazi kutoka Oman na Ghuba yalikuwa yakishuka. Masika ni mvua kubwa za Machi mpaka Mei. Kusi huanza kushika Aprili, nayo ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha majahazi. Kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka, na baadaye huja demani bahari inapotulia. Wazee wetu walijua kuagana kwa kusi na kupokeana kwa kaskazi. Kwa hiyo majira ya huzuni, kama yapo, yalikuwa ni yale ya kusafiri. Mti haukuwa na habari hiyo.

Ndugu mmoja wa Barawa akapendekeza neno la Kiarabu, kharif. Hapo mambo yakazidi kunoga. Katika Kiarabu cha vitabu kharif ni majira ya kupukutika majani. Mzizi wake una maana ya kuchuma matunda, na kutoka mzizi huo huo Waarabu wana neno la mzee aliyepitiwa na umri hata akili ikaanza kumpotea. Lakini msomaji wa Oman akisikia kharif anaikumbuka Salala. Kharif ya Dhofar ni kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka karibu na mwisho wa Septemba: ukungu, manyunyu, na milima iliyokuwa kame kugeuka kijani kibichi, na watu wa Ghuba nzima wakienda kustarehe. Upepo unaoleta hali hiyo ni jamaa wa kusi yetu. Unatoka kusini ya ikweta ukivuma kutoka kusini mashariki, ukivuka ikweta unapinda ukawa wa kusini magharibi, ukafika Dhofar na unyevu wa bahari. Basi kwa mtu wa Salala kharif ni uhai, kama vuli ilivyo kwa mtu wa Unguja.

Mwisho tulikubaliana tuseme tu "majira ya kupukutika". Ni maneno marefu lakini hayamdanganyi mtu.

Bibi wa Lamu, ambaye husikiliza zaidi kuliko kusema, aliuliza kama kwetu hakuna mti unaopukutika. Upo. Mkungu majani yake huwa mekundu kama damu yakaanguka yote, na mbuyu nao hubakia mtupu wakati wa ukavu. Ami alikumbuka mkungu uliokuwa uani kwao Ng'ambo. Alisema alikuwa akifagia majani yake kila asubuhi kabla ya chuo, na kabla hajamaliza kuyalalamikia machipukizi yalikuwa yamekwisha kutoka. "Mkungu haukumpa mtu nafasi ya kulia," alisema. Na mtende wa Oman ni kinyume chake: kuti lake likifa halianguki, linaning'inia pale pale mpaka mtu apande akalikate kwa mkono wake.

Al-Inkishafi ni utenzi gani

Kutoka hapo tulihamia kwenye Al-Inkishafi, maana kila mtu alisema mauti ya kwetu yameelezwa humo.

Mtungaji wake ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate, wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Wataalamu huuweka utenzi huu mwanzoni mwa karne ya 19, baina ya 1810 na 1820, mtungaji akiwa mtu mzima sana. Neno inkishafi ni la Kiarabu, maana yake kufunuka: pazia linaondoka, moyo unaona. Beti zake ni pungufu kidogo ya 80. Kila ubeti una mishororo minne. Mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, na wa nne hufunga kwa kina kinachorudi tangu mwanzo wa utenzi mpaka mwisho. Lugha yake ni Kiswahili cha visiwa vya Lamu, na ndiyo maana sisi wa Unguja tunahitaji bibi wetu atufungulie.

Mpango wake ni huu. Kwanza anamshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, kama ilivyo ada. Kisha anaugeukia moyo wake mwenyewe na kuukemea: mbona umeghurika na dunia nawe una akili? Dunia anaifananisha na bahari iliyochafuka, na mangati yanayomhadaa mwenye kiu, na taa iliyowekwa penye upepo. Baadaye anawataja matajiri wa Pate waliokuwa na majumba yenye taa za vioo, vyombo vya Kichina katika zidaka, vitanda vya fahari na watumishi wa kupepea. Hapo ndipo penye beti zinazojulikana zaidi: majumba yale sasa yamekuwa magofu, popo wananing'inia, buibui wametanda, bundi na ndege wa mwituni wamefanya viota, na magugu yameziba nyua. Anawataja watu kwa majina, wakiwemo wa ukoo wake, akiuliza wako wapi. Mwisho anauonya moyo kwa kueleza Siku ya Kiama na moto.

Kwa historia, Pate ilikuwa mji wenye nguvu katika karne za 17 na 18, chini ya ukoo wa Nabahani, ambao kwa mapokeo asili yao ni Oman. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa walipigana na watu wa Lamu pwani ya Shela, wakashindwa. Baada ya vita hivyo Lamu iliomba himaya ya Seyyid Said bin Sultan, na ngome ya Lamu ikamalizika chini ya utawala wa Oman. Kwa hiyo utenzi huu umetungwa wakati ule ule ambapo nguvu ya pwani ilikuwa ikihama kutoka Pate kuelekea Lamu, na baadaye Unguja.

Maandishi yake na Birmingham

Utenzi ulienea kwa nakala za mkono za harufi za Kiarabu, na kwa watu waliouhifadhi kifuani. Harufi hizo zilipotumiwa kwa mtindo wa zamani hazikutenganisha e na i, wala o na u, na sauti kama "nd" mara nyingi iliandikwa d tupu. "Penda" na "pinda" huonekana neno moja. Msomaji anategemea aliyoyasikia kwa mwalimu wake, na ndiyo maana nakala zilizochapishwa zinatofautiana hapa na pale, katika maneno na hata katika idadi ya beti.

Miongoni mwa Wazungu wa mwanzo kuushughulikia ni William Taylor, mmishenari wa chama cha CMS aliyekaa Mombasa miaka ya 1880 na 1890. Alisaidiwa sana katika mashairi ya kale na Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Tafsiri yake ya Al-Inkishafi ilitoka 1915 ndani ya kitabu cha C. H. Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili. William Hichens aliutoa tena London mwaka 1939, na miongoni mwa waliokuwa wakimwandikia nakala za tenzi ni Muhammad Kijuma wa Lamu, mwandishi mwenye khati nzuri. James de Vere Allen alitoa chapa yake 1977. Kwa msomaji wa Kiswahili aliye mbali na Lamu, chapa iliyo rahisi kuifuata ni ya M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale, iliyotolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1999.

Na hapa pana jambo ambalo jamaa zetu wengi wa Birmingham hawalijui. Hazina ya kumbukumbu za CMS, pamoja na barua za wamishenari wa Mombasa na pwani yetu, imehifadhiwa katika maktaba ya Cadbury ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Ndiyo maktaba ile ile yenye kurasa za Qur'ani kongwe ambazo ngozi yake ilipimwa, na mwaka 2015 ikatangazwa kuwa ni ya baina ya 568 na 645. Kurasa hizo tulikwenda kuziona sote. Barua za pwani hatujakwenda bado, na mwalimu wetu wa Mombasa ametwambia ni aibu.

Namna tatu za kuufahamu

Katika baraza letu Al-Inkishafi husomwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya waadhi. Hivyo ndivyo bibi wa Lamu alivyoupokea kwa nyanya yake. Kwake Pate ni mfano tu. Katika Suratul Hadid, aya ya 20, maisha ya dunia yamefananishwa na mimea iliyostawi kwa mvua ikawapendeza wakulima, kisha ikanyauka, ikawa manjano, ikavunjikavunjika. Anasema Sayyid Abdallah kaichukua maana hiyo, na badala ya mmea ameweka nyumba, kwa sababu watu wa Pate walijivunia nyumba. Washairi wa Kiarabu wa zuhudi, kama Abul-Atahiya wa Baghdad katika karne ya 8 na 9, walikwenda njia hiyo hiyo. Kwa bibi huyu ukiusoma utenzi usipoingiwa na haja ya kutubu, hujausoma.

Njia ya pili ni ya historia, na mwenyewe ni mwalimu wa Mombasa. Yeye anasema waadhi upo, lakini mbona mtungaji anavijua vyombo vile kimoja kimoja? Mtu anayetaka kutuonya tu angesema "mali" akapita. Huyu anahesabu taa, zidaka na vitanda. Ameviona, na huenda alivipenda. Majina anayoyataja ni ya watu wa kweli. Basi tunapousoma tunapata pia khabari za mji wa Kiswahili ulivyokuwa ndani ya nyumba zake, jambo ambalo magofu peke yake hayawezi kutwambia.

Njia ya tatu ni yetu sisi tuliotoka Unguja, na ndiyo inayouma. Wengi wetu tukifika kwenye beti za magofu hatuioni Pate. Tunaiona Januari 1964. Tunaona nyumba ya Malindi au shamba la Bumbwini, mlango ulioachwa wazi, picha ukutani, na mtu mwingine anayekaa pale leo. Nimewahi kumsikia mtu Maskati akisoma beti zile katika arusi, na wazee wakatoka nje kufuta machozi. Nami kwa miaka mingi nilidhani hiyo ndiyo kazi ya utenzi, kututengenezea kilio chetu.

Ami alinirekebisha, na maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike. Yeye alikuwa na miaka 20 mwaka 1964. Alitoka Unguja hana kitu, akazunguka, na baada ya 1970 akaitika mwito wa kurudi Oman akajenga maisha upya, kabla ya maradhi kumleta kwa watoto wake huku. Kama kuna mwenye haki ya kulia, ni yeye. Alisema: "Someni vizuri. Sayyid halilii jumba. Anaukemea moyo unaolilia jumba. Sisi tumezishika beti za taa na zidaka, tumeuacha ule mstari wa moyo. Miaka 60 tunamwuliza mtu mwingine nyumba iko wapi. Yeye anatuuliza sisi: na wewe uko wapi?"

Bibi wa Lamu alisema, "Ndiyo maana yake." Mwalimu alinyamaza, kisha akasema kuwa kuukemea moyo si kusema kwamba dhulma haikutokea. Ami akakubali. "Dhulma ina siku yake na Hakimu wake. Mimi nazungumza moyo wangu."

Mashairi mawili yakiwekwa pamoja

Tofauti ya kwanza kati ya Hopkins na Sayyid Abdallah ni ya msemaji. Hopkins anasimama mtu mzima akimwambia mtoto. Sayyid Abdallah ni mzee anayejiambia mwenyewe. Mtoto wa Hopkins hakujibu neno, na moyo wa Sayyid nao hakujibu, lakini moyo una dhambi za kuulizwa na mtoto hana.

Ya pili ni ya wakati. Majani ya Hopkins yatarudi Aprili. Mtoto ndiye hatarudi. Huo ndio uchungu wa shairi la majira: mti una zamu nyingi na mtu ana moja. Nyumba ya Pate haina Aprili. Ikishaanguka imeanguka, na kinachochipua ndani yake ni magugu. Kwa hiyo Al-Inkishafi halikuhitaji majira, na halikupungukiwa.

Ya tatu ni ya mwisho. Hopkins, ingawa ni mtu wa dini, katika shairi hili anaishia kwenye huzuni na anamwacha mtoto pale. Sayyid Abdallah haishii kaburini. Anaendelea mpaka kwenye hesabu.

Mtoto wa dada yangu alitusikiliza yote hayo, kisha akasema, "Mimi naona analilia majani. Watu wazima ndio hawaamini." Akaeleza kuwa bibi yake alipofariki Maskati yeye alikuwa na miaka tisa na hakupelekwa. Alilia siku nyingi kwa sababu ya kanga ya bibi iliyosahauliwa huku, na kila mtu akimwambia, "Hulilii kanga, unamlilia bibi." "Nilikuwa najua namlilia bibi," alisema. "Lakini na kanga pia nilikuwa nailia."

Hakuna aliyemjibu kwa muda. Mwisho ami akamwambia, "Andika hivyo hivyo, mama. Mwalimu akikukatia maksi, mwambie aje kwangu." Aliandika. Maksi hazikuwa mbaya.

Jambo la mwisho

Kwa miaka mingi ami alikuwa na wasia mmoja: akifa apelekwe Oman, akazikwe kwao Sharqiya. Fedha alikwisha kuziweka kando. Katikati ya majira haya ya baridi, baada ya wengine kuondoka, aliniita akanambia ameubadilisha. Azikwe huku huku, katika makaburi ya Handsworth, walikozikwa Waislamu wengi wa mji huu, na asicheleweshwe. Alinikumbusha kuwa wanazuoni wengi wamependelea mtu azikwe pale alipofia. Kisha akaongeza sababu yake. Baba yake yuko Sharqiya, mama yake yuko Unguja, na watoto wake wako Birmingham. "Popote nitakapolala, kuna mtu wangu nitakuwa mbali naye. Sayyid kauliza wako wapi wale. Hakuuliza makaburi yao yako wapi."

Fedha zile amesema zigaiwe kwa watoto wanaosoma Kiswahili na Qur'ani. Baadhi ya jamaa hawakupenda, na hilo ni jambo la familia. Nimelitaja kwa idhini yake kwa sababu yeye mwenyewe anasema limetokana na usomaji.

Kwa wasomaji wa Maskati, Dubai na kwengineko mnaotaka kuanza baraza kama letu, tuliyojifunza ni machache. Usomeni Al-Inkishafi kwa sauti, kwani kina cha mshororo wa nne hakifanyi kazi katika macho. Mtafuteni mtu wa Lamu au Pate akiwepo, hata kwa simu, msikisie maneno. Msiishie kwenye beti za magofu. Na mkae na mtoto mmoja barazani, mumwache aseme.

Leo ninapomaliza kuandika ni mwisho wa Machi. Cannon Hill Park machipukizi yameanza, na Unguja mvua za masika zimekwisha kushuka. Ami yuko hai, alhamdulillah, na Jumapili ijayo ametaka tuanze tena ubeti wa kwanza.